Mwisho Aliokwenda Kuuleta Paluku

Butembo, Mususa
14 Oktoba 2001

Mpendwa mwanangu Masika Godelive,

Pokea salamu za nyumba hii yote, za waliosimama na za sisi tunaokaa kitako tangu asubuhi mpaka jioni. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lubumbashi, wewe na mume wako na watoto. Mgongo wako umepata nafuu? Na yule mjukuu wangu aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa serikali, amefaulu? Nimekuwa nikimwombea bila kujua kama mtihani ulishapita, na nadhani Mungu anajua kupanga hayo.

Majibu yako nitayangoja. Najua barua za siku hizi zinavyosafiri. Kutoka Butembo hadi kwenu, katika nchi moja, bahasha inazunguka Kampala na Nairobi na Lusaka kama mtu anayekwepa kupita mbele ya mlango wa jirani aliyegombana naye. Hii anaibeba Musafiri, mwana wa marehemu Nassoro wa Beni. Atakupigia simu akifika Lusaka.

Ukiuliza afya yangu, sitakuficha. Miguu imevimba na siwezi tena kulala chali, nalala nikiwa nimeketi na mto mgongoni. Daktari wa hapa ni kijana ambaye baba yake nilimfundisha kusoma. Alinisikiliza kifua, akatazama ukutani, akasema, mwalimu, moyo umechoka. Nilimwambia asione haya, moyo haukuwa wa kwanza kuchoka, mimi mwenyewe nilitangulia.

Padri amekwisha kunipaka mafuta ya wagonjwa. Yaliyokuwa yake nimemwungamia. Yaliyobaki ni yako, ndiyo maana naandika.

Mama yako ni mzima. Macho sasa yamezimika yote mawili, lakini masikio yake yanasikia mpaka chumvi ikiisha katika kopo. Bado anachambua maharagwe kwa vidole na hakuna jiwe linalompita.

Mji ni uleule. Wakubwa wa uasi huu wanabadilisha jina la chama chao kila baada ya miezi, na vijana wadogo tunaowaita kadogo wanasimama kwenye kizuizi na bunduki zinazowazidi urefu. Niliona uhuru, nikaona uasi wa kwanza, na sasa huu. Zamani nilikuwa naogopa. Siku hizi nikisikia risasi nauliza tu kama ni mbali, halafu naendelea na chai.

Nimepumzika kidogo hapo, nimekunywa maji. Sasa jambo lenyewe.

Godelive, nataka tumzike baba yako. Nataka kumzika kwa mikono yangu kabla mikono haijaisha. Unajua desturi yetu kwa mtu ambaye mwili wake haukuonekana: hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo yake, likalazwa kaburini kama mtu. Nguo hutolewa na mke wake. Shina hulazwa na ndugu yake wa damu. Udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wake. Mke yupo. Mtoto ni wewe, mmoja tu. Ndugu ni mimi, na wengine wote wamekwisha kwenda. Nikiondoka kabla, Paluku atabaki hivyo alivyo, si mzima, si marehemu, na hakuna wa kumlaza.

Miaka thelathini na saba mama yako alikataa kutoa nguo. Wiki tatu zilizopita alikubali. Nataka ujue amekubali vipi, kwa sababu katika kukubali kwake nilifanya jambo la aibu, na sitaki ulisikie kwa mwingine.

Wewe ulizaliwa baba yako amekwisha ondoka, umesikia vipande tu. Nitakueleza kwa mpangilio, kama mwalimu.

Mwezi wa uhuru Mbelgiji mmoja mnunuzi wa kahawa alifunga duka lake kwa haraka, akamwachia Mzee Nassoro mashine ya sinema pamoja na mota ya umeme. Nassoro alikuwa na malori yaliyopeleka kahawa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Kila lori liliporudi lilileta filamu moja iliyoazimwa kule. Mke wake Sofia alishona mashuka mawili kuwa moja, na hiyo ikawa sinema yetu: Beni, Butembo, Kalunguta, popote penye kiwanja. Baba yako aliendesha lori na kuitunza mashine. Mimi nilijua Kifaransa, basi nilisimama kando ya shuka na kuwasemea watu yale yaliyosemwa ndani.

Filamu zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za wale ndugu wa mlimani. Zilikuwa sita, zinafuatana, na kila moja inaanzia pale mwenzake alipoachia. Ndugu hao walisafirisha chumvi kwa nyumbu katika milima yenye theluji. Mahali pengine watu wangeshangaa theluji. Lakini sisi, asubuhi isiyo na ukungu, tunaiona theluji ya Ruwenzori tukiwa tumesimama Beni na kikombe mkononi. Kwa hiyo watu waliamua wenyewe, bila kuniuliza, kwamba ndugu wale wanakaa upande wa pili wa mlima wetu. Ni wazungu, walisema, lakini ni wazungu wa hapa. Mzee mmoja wa Mabalako aliapa kuwa ameiona ile nyumba yao alipokwenda kutafuta mbuzi wake.

Na kama ni watu wa hapa, lazima wawe na majina ya watu. Wazee waliniuliza: huyu ni wa ngapi kwa mama yake? Filamu ya kwanza ilionyesha kaka mmoja na mdogo wake. Nikamwita mkubwa Paluku, jina la mwana wa kwanza, na mdogo Kambale, jina la wa pili, kama tulivyo mimi na baba yako. Nilijipendelea, ndiyo, maana yule mdogo ndiye aliyekuwa shujaa.

Katika filamu ya tatu, mama yao anapanda kilimani na maua, anapiga magoti penye kaburi dogo. Anasema kwa Kifaransa kwamba pale amelala mwanawe wa pili, ambaye hakuwahi kutembea. Nikalisema hivyo hivyo kwa Kiswahili. Tulikuwa Kalunguta. Msichana mmoja akasimama katikati ya watu na mkungu mdogo wa ndizi kichwani, hata hakuutua.

“Weye mwalimu, unatudanganya,” alisema. “Aliyekufa naye anahesabiwa. Huyu si Kambale. Ni wa tatu, ni Kasereka.”

Watu wakacheka. Nilimjibu kwa sauti ya darasani kwamba sinema haihesabu watoto.

“Sinema haina mama?”

Baba yako alicheka mpaka akagonga mashine, filamu ikasimama. Filamu ikisimama mbele ya ile taa inaungua. Shimo la kahawia likafunguka katika uso wa shujaa, watu wakapiga kelele kwamba anakufa kwa sababu tumemkosea jina. Tukazima, tukakata kipande, tukaunga. Tangu siku ile jina lake likawa Kasereka, na tangu siku ile baba yako hakukosa sababu ya kupitia Kalunguta. Msichana yule, Berthe, ndiye mama yako.

Walioana mwaka 1963. Filamu ya nne ilikuja kabla ya harusi, ya tano baada yake. Katika ya tano hadithi kubwa zote zilifika mwisho. Yule kaka alikufa na kuzikwa vizuri. Dada yao mjane aliolewa tena, mama yao akapata kiti chake karibu na moto. Likabaki jambo moja tu. Kasereka alikuwa amevuka mlima kwenye theluji kwenda kumtafuta mtoto wa dada yake, na mke wake amebaki mlangoni. Filamu ikaishia hapo, mlango ukiwa wazi.

Hujui namna mji ulivyoteseka na ule mlango. Sokoni walibishana. Katika mahubiri padri aliwaonya. Wanafunzi wangu waliandika insha juu ya Kasereka nilipowaambia waandike juu ya Mtakatifu Yosefu.

Mwezi wa saba 1964 tukapata habari kwamba filamu ya sita, ya mwisho, imefika Stanleyville. Tayari watu walinong’ona juu ya waasi. Nassoro alisema tungoje kwanza. Baba yako alisema waasi wako mbali, barabara ni kavu, kahawa iko tayari, na watu wamechoka kungoja. Sisi sote tulikuwa tumechoka kungoja. Hakuna aliyemsukuma na hakuna aliyemzuia.

Nilikuwepo alipoondoka. Mota ya lori inanguruma, mama yako amesimama na tumbo lako. Paluku alivua koti lake la kaki, lile la vifungo vikubwa, akamtupia.

“Kule kuna joto,” alisema. “Na mutu asikuambie namna inaisha. Mwisho nitaleta miye.”

Stanleyville ilianguka mikononi mwa waasi siku chache baada ya hapo, halafu wakafika na huku. Ile habari unaijua. Mambo yalipotulia, mtu wa Nassoro alikwenda kutafuta. Lori alilikuta limeungua kando ya barabara, kupita Mambasa. Ndani hakukuwa na mtu. Hayo maneno matatu, hakuna mtu ndani, mama yako aliyashika na hakuyaachia tena. Na nani angemlaumu? Hata mimi ningeyashika kama ningekuwa na nguvu zake.

Baadaye kila msafiri alikuja na lake. Ameonekana Isiro anauza sabuni. Ameonekana Sudani. Ameonekana Kisangani na mke mwingine, na hilo mama yako alilipenda kuliko yote, maana mtu mwenye mke mwingine ni mzima. Nassoro alimletea nyama kila Idi mpaka alipokufa, na kila mara alishindwa kumtazama usoni. Mama yako alimpokea kwa heshima na kumuuliza kama barabara ni nzuri.

Sinema ilikwisha hapo. Mashine ilipona, lakini nani angesimama mahali pa Paluku? Kwa miaka watu walinijia waniombe niwatungie mwisho. Mwalimu, sema tu chochote, tutulie. Nilikataa. Katika maisha yangu nilikuwa na sifa moja ya kweli, Godelive: kando ya lile shuka sikuwahi kuongeza wala kupunguza neno. Hata matusi niliyasema kama yalivyo, mbele ya masista. Na mama yako alikuwa amekataza. Mbele yake hakuna aliyethubutu kukisia Kasereka amekuwaje. Mwisho una mwenyewe, alisema, yuko njiani.

Sasa nikuungamie la kwanza, ambalo ni dogo. Mwaka 1966 nilikwenda peke yangu shambani, nikamlilia kaka yangu, nikanyoa kichwa chote kama mtu aliyefiwa. Mama yako aliniona, wakati huo bado alikuwa na macho. Akaniuliza ni nini. Nilimwambia ni chawa, nimewapata kwa watoto wa shule. Akanitazama, akanipa sabuni. Tangu hapo nimeishi karibu naye miaka yote, nikikubali kwa kichwa kila aliposema “Paluku akirudi”. Akirudi tutapaka nyumba chokaa. Akirudi atakukemea. Nami nasema ndiyo, shemeji, atanikemea. Sikuwa na imani hata kidogo. Nilikuwa nasema tu, kama mtu anayeitikia sala akiwa usingizini.

Mwezi uliopita Musafiri alirudi kutoka Antwerp, alikokwenda kununua vipuri vya magari. Katika soko la vitu vya zamani aliikuta filamu ya sita, imehamishiwa kwenye kaseti ya video. Alikuwa mtoto mdogo wakati wa sinema ya baba yake, lakini aliitambua picha ya juu, mlango na theluji. Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yako, kwa furaha, akamwekea kaseti mkononi, akamwambia ni nini.

Mama yako alimsikiliza. Akaipapasa pembe zote, akaitikisa kidogo sikioni.

“Mwisho ni kadogo hivi?” aliuliza.

Nilidhani atairudisha. Akakaa nayo siku kadhaa kitandani, chini ya mto. Halafu Jumapili moja baada ya misa aliniambia twende kwa Esdras, yule mwenye ukumbi wa video karibu na mafundi wa baiskeli. Nilisema miguu yangu haifai. Alisema yeye hana macho na anakwenda, mimi mwenye macho nitakwenda kwa miguu hiyo hiyo niliyo nayo. Weye utasema, alisema. Kama zamani.

Esdras alitupa benchi la mbele. Nyuma yetu vijana walikuwa wamejaa, walitaka filamu za mapigano, wakaguna walipoona watu wa zamani na nyumbu. Mama yako alivaa kitenge chake cha ubatizo wako. Niliketi kuume kwake na kumsemea sikioni.

Mwanzoni sauti yangu iligoma, halafu ikaja. Sijui nikueleze vipi. Mzee asiyeweza kupanda ngazi tatu bila kusimama, na maneno yakatoka kama zamani: Kasereka yuko pangoni, Kasereka amemkuta mtoto, mtoto ana homa, nyumbu mmoja amekufa. Mama yako alikuwa ameshika mkono wangu, na penye hatari aliubana. Sikuwa ninajua mwisho, mwanangu. Nilikuwa nautafuta pamoja naye.

Halafu nikaona, kabla hajafika. Walionyesha kwanza bonde lote kutoka juu, nyumba ndogo sana chini, na mtu anateremka. Anateremka polepole na mtoto mgongoni. Nilielewa kwamba atafika. Nikaona na yatakayofuata hapa kwetu: mama yako atarudi nyumbani akiwa na nguvu ya miaka mingine kumi, koti litabaki sandukuni, na mimi nitakufa nikisema ndiyo shemeji, atanikemea.

Basi nilisema: “Amefika mtoni. Maji ni mengi. Ameanguka, shemeji. Haonekani tena. Mke wake anafunga mlango.”

Na mbele yangu, kwenye kioo, Kasereka alikuwa amesimama kizingitini, anavua kofia.

Hili ndilo ninalokuungamia. Ningeweza kukuandikia kwamba nilimwonea huruma mama yako. Padri mwenyewe alinipa nafasi ya kusema hivyo. Lakini si kweli. Nilifanya kwa uchovu. Nilitaka kuutua mzigo, na nilikuwa tayari kumvunja moyo kipofu katikati ya watu ili niutue. Nilimuua Kasereka kwa maneno yangu, mimi niliyejisifu maisha yote kwamba siongezi neno.

Nilisahau vijana. Wale wale waliokuwa wakiguna walikuwa wamekwisha kunasa, na mtu wao alipofika mlangoni walilipuka kwa makofi na miluzi.

Mama yako alitoa mkono wake katika wangu.

“Melchior. Batoto banapiga mikono juu ya nini?”

Nilimwambia wanafurahi filamu imekwisha, wanataka yao.

“Na ile miluzi? Ni ya mutu aliyekufa mu mayi?”

Nyuma kijana mmoja alicheka, akamwambia mwenzake kwamba mzee huyu anaona filamu nyingine. Nikasema: “Nisamehe. Amefika. Yuko mlangoni na mtoto. Mke wake amemshika uso kwa mikono miwili.”

Muziki wa mwisho ulikuwa unapigwa. Halafu mama yako aliuliza jambo ambalo sikulitegemea.

“Ana koti?”

Nilitazama vizuri, maana sasa sikutaka kukosea hata uzi. “Ana koti,” nilisema. “La manyoya, limefungwa mpaka shingoni.”

Tulirudi nyumbani polepole, kipofu akimwongoza mwenye macho, tukisimama kila penye ukuta ili nipumue. Nilimwomba radhi njiani mara nyingi. Aliniambia ninyamaze, pumzi ni chache, nisiimalize kwa maneno.

Tulipofika aliingia chumbani. Nilisikia sanduku linafunguliwa. Akatoka na koti la kaki, likinuka nondo na moshi, akaliweka magotini pangu. Vifungo vyote vipo. Alikuwa akivikaza kila mwaka.

“Yule wa sinema alirudi na koti yake,” alisema. “Wangu, koti iko hapa. Na alisema mwisho ataleta yeye. Mwisho ilishafika, Melchior. Imekuja na mwana wa Nassoro. Yeye hapana.”

Nililikunja koti magotini.

“Donc, basi amekufa,” alisema. “Na aliyekufa anahesabiwa.”

Halafu akaketi kwenye kile kigoda chake cha maharagwe, akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mvua ya huku kwetu, ile nyembamba isiyo na upepo, inayoanza mchana na kuendelea mpaka watu wanasahau kwamba inanyesha. Alipomaliza alijipangusa kwa kanga na kuniambia nimwandikie mtoto. Nilipokuwa naondoka akaniita.

“Shemeji. Safari hii unyoe mbele ya batu. Usituletee tena ile hadithi ya chawa.”

Kumbe alijua, Godelive. Miaka yote alijua nimekwisha mzika moyoni, akaniacha nikae karibu naye, akanipikia. Mimi nilidhani namstahimili yeye.

Sasa ombi letu. Kuja huwezi. Musafiri amenieleza juu ya mistari ya vita na karatasi zinazodaiwa, na sitaki tuzike watu wawili. Mama yako amefikiri, akaamua hivi: chota udongo kwa mkono wako mahali unapoishi, mbele ya mlango wako, ufunge katika kitambaa, umpe Musafiri akirudi. Huo ndio utakuwa udongo wa kwanza. Mama yako atautupa kwa jina lako. Nilimuuliza kama wazee wangekubali udongo wa Lubumbashi, mwekundu na mkavu. Alisema wazee wamekwisha, tumebaki sisi, na sisi tumekubali.

Mahali tumechagua, Kalunguta, pembeni ya kile kiwanja cha zamani. Mgomba upo, nimeuonyesha kwa fimbo. Mimi nitalaza shina, hata kama watanishika kwapa pande zote mbili. Nitamwambia kaka yangu maneno ya kumuaga, na nitayasema kama yalivyo.

Kama unasita, niandikie unasita. Hutakuwa umetukosea. Umekaa maisha yako yote na baba aliye njiani, na huenda si rahisi kuambiwa kwa barua kwamba hayuko njiani tena. Lakini kama moyo wako unakubali, usikawie sana. Musafiri hukaa kwenu muda mfupi, na huyu daktari ameanza kunisalimia kwa upole mno.

Nikuambie sababu yangu mwenyewe, halafu niache kalamu. Tangu 1964, penye kila mkutano wa ukoo, wananiketisha kwenye kiti cha mkubwa. Nakaribishwa kwanza, nanawishwa mikono kwanza, kana kwamba mama yetu alianza kwa kunizaa mimi. Paluku hawezi kutajwa pamoja na walio hai, wala na marehemu, basi hatajwi. Nimechoka na kile kiti. Sikukiomba. Nataka, hata kwa wiki moja tu, niwe wa pili tena, mtu mwenye kaka.

Wasalimie mume wako na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Wasalimie na Wayira wenzetu wa huko wanaokutana nawe kanisani. Mama yako Berthe anakusalimia sana, na mama mzee Sofia wa Beni, ambaye bado ana lile shuka la sinema, amelikata likawa mapazia. Esdras naye anataka ujue kwamba siku ile alikataa kupokea pesa yetu ya tiketi.

Mungu wa baba zetu awafunike, awape usingizi mzuri na majirani wasio na bunduki, na wanao wakuzike wewe ukiwa mzee kuliko mimi, mahali panapojulikana.

Mama yako amekaa hapa anasikiliza kalamu. Anasema niongeze: udongo usilowe njiani, uufunge mara mbili.

Ni mimi ninayekupenda tangu ulipokuwa bado tumboni kando ya lile lori,

Baba yako mdogo,
Kambale Melchior,
mdogo wake Paluku Edmond.